Usukani Uliokatwa Juu

Mkwe huwezi kumtukana usoni. Ndivyo tulivyolelewa, na wetu ni mtu wa heshima zake, anayekuamkia ameinama na hakai mpaka akuone umekaa. Kwa hiyo siku alipotufikia Mbeya kutoka Iringa na lile gari lake la umeme, nilimpokea vizuri, nikamwuliza habari za binti yetu na wajukuu, nikamwekea chai. Halafu nikatoka uani, nikachungulia kwenye kioo cha gari, na moyoni nikaanza kuutukana usukani.

Ulikuwa umekatwa juu. Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajauona. Chukua usukani wa kawaida, wa duara, ule ambao hata mtoto akicheza gari anauchora hewani kwa mikono. Kata sehemu ya juu uitupe. Ya chini ibonyeze iwe bapa. Unabaki na vipande viwili vya kushika, kimoja kulia na kimoja kushoto, na katikati pambo. Nyuma yake, pale ambapo gari lolote lenye akili lina kijiti cha indiketa upande mmoja na cha waipa upande wa pili, hapakuwa na kitu. Indiketa zilikuwa vitufe viwili vidogo kwenye kipande cha kushoto, kimoja juu ya kingine. Waipa kitufe. Honi kitufe. Gia haikuwepo kabisa. Unaitelezesha kwa kidole kwenye kioo kikubwa cha katikati, kama mtu anayepitia picha za harusi kwenye simu.

Mimi nafundisha udereva. Nina gari dogo lenye alama ya mwanafunzi mbele na nyuma na breki ya pili upande wangu, na barabara za Soweto, hapa hapa Mbeya, nazijua shimo kwa shimo kwa sababu wanafunzi wangu wameyaingia yote. Kitu cha kwanza ninachomfundisha mtu si kuwasha gari. Namkalisha, gari limezimwa, namwambia ashike usukani afumbe macho. Aukate mpaka mwisho, aurudishe, aukate tena upande wa pili, mpaka mikono izoee. Mikono ikishazoea, macho yanabaki na kazi yao ya kutazama barabara. Sasa mtu anakaa ofisini huko alikokaa, hajawahi kukutana na mkokoteni wa ndizi uliokatisha bila kuangalia, na anaamua mikono yetu yote irudi darasa la kwanza. Nilikasirika kama niliyeibiwa.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kukasirika, na ni vizuri niiseme mapema. Mume wangu aliendesha semi, lori refu la tela, kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa sehemu kubwa ya ndoa yetu. Siku moja, karibu na Igawa, tairi la mbele lilipasuka, usukani ukapiga kwa nguvu kuelekea bondeni, na yeye akakataa kuuachia. Gari lilisimama barabarani kwa magurudumu yake, mzigo salama, na watu waliokuwa kando ya barabara salama. Bega lake la kulia ndilo lililochomoka. Lilirudishwa, likafungwa, likafunguliwa, lakini mkono haukupanda tena kupita kifuani. Anaweza kula nao, anaweza kuandika. Kuzungusha usukani hawezi.

Alijaribu mara moja, kwa gari langu la shule. Pale njia panda ya Uyole alianza kukata kona, mkono ukafika ulipofika, na gari likabaki limekaa mshazari katikati ya barabara huku bajaji zinatupigia honi kila upande. Niliinama upande wake nikaumalizia usukani. Tulirudi nyumbani, na alipofika aliweka funguo mezani mbele yangu. Tangu siku ile anashinda barazani. Anasikiliza malori yanavyopanda kule barabara kuu na kuniambia lipi limezidishiwa mzigo na lipi dereva wake anachelewa kubadili gia. Kitu alichokuwa akikitaka ni kimoja tu, kushika gari tena, na nyumba nzima tulikijua na hakuna aliyekitaja.

Ndipo mkwe, akijua yote hayo, anakuja kumwegeshea baba wa watu gari la maonyesho mbele ya baraza. Niliona amekosa moyo. Ningemwambia, angekuwa kijana wangu wa kumzaa.

Ijumaa nilipanda naye kwenda sokoni Mwanjelwa, yeye akasali, mimi ninunue mchele. Njiani nilikaa kimya kama mkaguzi, nikamtazama mikono. Familia yao ni wafanyabiashara, walipanda kutoka pwani enzi za babu zao na sasa wana maduka ya vitambaa Iringa, na yeye anaendesha kama anavyopima kitambaa, taratibu na kwa unadhifu. Akaniambia kwamba kupanda kutoka Ipogolo mpaka mjini Iringa, pamoja na kona zote zile, habadilishi mikono hata mara moja. Anageuza kidogo tu kama anayefungua kopo. Nikamwambia hongera. Tulipofika karibu na soko, mkokoteni wa viazi ukatukatisha. Mkwe akapiga katikati ya usukani kwa kiganja, kama watu wote duniani wanavyopiga honi. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Halafu akafungua kioo, akatoa kichwa na kusema kwa adabu kubwa, "Samahani kaka." Gari la bei ile, na honi yake ni mdomo wa mwenye gari.

Alipokuwa msikitini nilibaki nimesimama kando ya gari na mfuko wangu wa mchele, na madereva wakaanza kuja. Wa kwanza walikuwa wa teksi, ambao wengi wao nimewafundisha mwenyewe. Walichungulia, halafu mmoja akaniuliza kwa upole kama ajali ilikuwa mbaya. Alidhani usukani umevunjika. Nilipomwambia kwamba ndivyo ulivyotoka kiwandani, aliita wenzake waje wasikie kwa masikio yao.

Basi maoni yakafunguliwa. Mmoja akasema hiyo ni stelingi ya mtu asiyekwenda mbali. Mwingine akasema ni ya mwendesha ndege aliyefukuzwa kazi. Dereva wa lori la Fuso, mtu wa maneno machache, aliangalia muda mrefu kisha akauliza mtu akichoka mkono mmoja anauweka wapi, maana yeye tangu Makambako mpaka Mbeya huuning'iniza pale juu, na pale juu hapapo. Mfugaji mmoja kutoka Usangu, mwenye fimbo na koti refu, aliyekuwa amekuja kufuata spea za pikapu yake, aliona zile pembe mbili na akataka kujua kwa nini mtu auze ng'ombe wote wale kununua gari lenye pembe, na ng'ombe wenyewe wanazo bure. Walioshangilia ni madereva wa bajaji tu. Wao wanashika mpini siku zote, mkono mmoja huku na mwingine kule, na walifurahi sana kuona matajiri hatimaye wamewafuata.

Kijana mmoja wa teksi aliniomba akae tu, asiwashe. Nikamruhusu. Alishika, akajifanya anarudi nyuma kwenye maegesho, akatazama begani, na mkono wake ukapanda kushika juu ya usukani kama nilivyomfundisha. Pakawa hapana juu. Vidole vilifumba hewa. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, hii kitu inamfanya mtu mzima aonekane hajui." Nilicheka mpaka nikaweka mchele chini.

Kilichowachoma zaidi kilikuwa indiketa, na hapo wala hawakucheka. Kwenye barabara yetu kuu indiketa si ya kukata kona peke yake. Ukiwa nyuma ya semi na huoni mbele, dereva wa semi anakutazamia. Akiwasha ya kulia, anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakwambia pita sasa. Unapita, unapiga honi mbili fupi za kushukuru, na hamtaonana tena maishani. Hakuna kitabu cha serikali kilichoandika hivyo na hakuna trafiki atakayekuuliza. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu siku ya mwisho, baada ya mambo ya mtihani kwisha, na huwaambia kwamba hapo ndipo watakapopona au watakapokufa. Sasa lugha hiyo yote, ambayo kidole kimoja kinaisema kwenye kijiti bila hata mtu kufikiri, imewekwa kwenye vitufe viwili vya kubebana, cha juu na cha chini. Dereva wa Fuso akauliza cha juu ni kulia au kushoto. Nilikuwa nimetoka kukaa ndani ya gari lile na sikukumbuka.

Mkwe alitoka msikitini akawakuta wamemzungukia gari. Alijibu kila mtu, kwa upole, bila kuudhika, kwamba ni mashine tu, mtu anazoea. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

Jioni, tukila, nilimsimulia mume wangu yote, maana mkwe alikuwa ameenda kusali. Nilimwigizia mkono uliofumba hewa na mfugaji na pembe zake. Nikamwambia kwamba hata chuma cha kuunganisha usukani na magurudumu hakipo, ni nyaya tu, kama redio. Alicheka kwa kiasi. Halafu akauliza, "Unazungushwa mara ngapi?"

Nikamjibu kwa dharau kwamba hauzungushwi. Hata nusu duara haufiki, unaugeuza kidogo tu na magurudumu yanakata mpaka mwisho. Niliyasema hayo kama tusi. Yeye aliacha kula, akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umelala mezani, na hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimesema.

Mkwe alinifuata jikoni kesho yake asubuhi. Alisimama mlangoni, hakuingia. "Mama," akasema, "najua unaona nimekuja kujionyesha. Gari hili nilitaka kulirudisha kwa aliyeniuzia, hata mimi lilinisumbua. Lakini nilipoona halitaki mtu anyanyue mkono, nilimfikiria baba. Sikujua nimwambie vipi."

Nilimpa kisogo nikaendelea kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Dharau ni kitu chepesi, unaweza kukaa nayo wiki nzima na usichoke. Matumaini yalinichosha siku moja tu. Usiku ule nilimsikia mume wangu pale kitandani anavuta pumzi kama mtu aliye macho, na mimi nilikuwa macho nikiuomba usukani ule niliokuwa nimeutukana mbele ya Mwanjelwa nzima. Niliuomba unifanye mjinga. Niliutaka uwe mzuri kuliko sukani zote, na nilikuwa tayari kwenda kwa madereva mmoja mmoja kuwaambia kwamba mwalimu wao hajui kitu.

Jumapili asubuhi, barabara ikiwa bado nyeupe, niliendesha mimi mpaka tukavuka mji. Nilitafuta indiketa mara tatu mahali ambapo haipo. Tulipoacha Mbalizi nyuma nilisimama kando, nikashuka, nikamwambia mume wangu azunguke upande wa dereva. Alizunguka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya safari, ambavyo sikuwa nimeviona tangu ajali, na vilikuwa vimepakwa rangi. Mkwe alikaa nyuma, mimi kushoto.

Alishika. Mkono wa kushoto kwenye kipande chake, wa kulia chini kabisa, umetulia karibu na paja. Mkwe akamwelekeza gia ya kioo, na gari likaondoka bila sauti. Kona ya kwanza niliiona inakuja na mguu wangu ukakanyaga breki ambayo haikuwepo upande wangu. Aligeuza kidogo sana. Gari likaikata kona yote, likanyooka, na bega lake halikuwa limepanda hata kidogo. Akaipata ya pili, na ya tatu. Shingo yake ikaanza kulegea. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho kama mtu anayechunga maziwa yasichemke, na nilimwona mume wangu niliyeolewa naye akirudi kwenye ule uso kidogo kidogo.

Nyuma yetu likaja semi, refu, limebeba kontena la kwenda mpakani. Lilikuwa na haraka na sisi tulikuwa tunakwenda pole. Mbele barabara ilinyooka na hapakuwa na gari. Nilitaka kumwambia ni kitufe kipi, lakini kidole gumba chake cha kushoto kilikwishakipata. Taa ya kushoto ikawaka. Semi likatoka, likatupita kwa kishindo chake chote, na lilipomaliza likapiga honi mbili fupi.

"Ndaga," mume wangu akashukuru, kwa Kinyakyusa chake, kwa dereva ambaye asingeweza kumsikia. Alikuwa anatabasamu na macho yamelowa. Mkwe kule nyuma aliangalia dirishani. Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha mwambia arudi Iringa kwa basi, atuachie gari, tutaongea baadaye.

Kuna mahali kwenye mteremko unaofuata ambapo malori yamesukuma lami mpaka imefanya mifereji miwili mirefu na matuta katikati. Kila anayepita njia hiyo anapajua. Gari linavutwa huku na huku, usukani unapapatika mikononi, na unaushika kwa nguvu mpaka pamekwisha. Mume wangu alipita hapo nusu ya maisha yake, usiku na mchana, na mizigo ya kila aina. Niliona taya lake linakaza. Niliona vidole vya kushoto vinafumba, na lile bega bovu, bila yeye kuliambia, likajitahidi kupanda likamsaidie mwenzake. Alijiandaa kama mtu anayetaka kubeba gunia la mahindi.

Gari likapita. Viti vilitikisika kidogo, kikombe changu kilichokuwa mfukoni mwa mlango kikagonga. Usukani ulikaa palepale, mtulivu, hauna habari.

Aliendesha kidogo tena. Kisha akauliza, "Tumeshayapita yale matuta?"

"Tumeyapita," nikasema.

Alipunguza mwendo, akawasha kitufe cha kushoto, akasogea pembeni ya barabara kwa unadhifu ambao hakuna mwanafunzi wangu atakayeufikia, akasimama. Alikaa ameutazama ule usukani. Nilimwuliza kama bega linauma. Akatikisa kichwa, akasema halijauma hata chembe. Nikamwambia basi twende, barabara nzuri, twende mpaka Songwe tukanywe chai huko.

"Mama," akaniambia, "barabara haimo humu."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote wiki ile. Nilimwambia barabara ile pale, anaiona kwa macho, anataka impige tena ndipo aridhike. Nilimwambia ni mashine tu, mtu anazoea, hata vitufe alivizoea haraka kuliko mimi. Nikamwambia watu wazima wawili wamelala macho kwa ajili ya jambo hili. Nilijisikia nautetea usukani ule kwa maneno yaleyale ya mkwe pale Mwanjelwa, moja baada ya jingine, na kila moja nilikuwa nimelicheka. Mkwe aliniunga mkono kwa sauti ndogo, akasema gari hili litabaki Mbeya, baba aliendeshe atakapopenda. Mume wangu alimshukuru. Alimshukuru vizuri, kwa moyo, akamshika mkono. Halafu akafungua mlango.

Watu wa mtaani kwetu wanaamini alistaafu siku tairi lilipopasuka. Yeye hakustaafu siku ile. Miaka yote ya barazani alikuwa bado dereva, mwenye bega bovu tu, anayesubiri. Alistaafu Jumapili ile pembeni ya barabara, baada ya kuendesha vizuri na kupigiwa honi mbili. Mimi nilikuwa nimeusema vibaya usukani ule mbele ya kila aliyenisikiliza, na siku moja niliyotaka nishindwe, nikashinda.

Nilizunguka nikakaa upande wa dereva. Alipita mbele ya gari polepole, akaingia upande wangu, akafunga mkanda kwa mkono wa kushoto. Malori yalikuwa yanapita na gari letu jepesi linayumba kila moja linapopita. Hakuyageukia kuyaangalia. Aliniuliza kama kiti cha abiria kinarudi nyuma, anyooshe miguu. Nikamwonyesha kitufe.